Anayecheka Naye Yumo

Leo nina neno na wazazi wenye watoto wa shule za msingi. Mtoto akimwita mwenziwe "zeruzeru" tunamkanya, na ni vema. Huko Mwanza na Shinyanga, miaka ya 2007 na 2008, watu wenye ualbino waliuawa kwa imani za kishirikina. Jina hilo si mzaha. Lakini mchokozi hutafuta wa kumchekea. Wale kumi wanaocheka ndio mshahara wake.

Wengi wao si watoto wabaya. Wanaogopa. Anayetetea huhofia kugeukiwa yeye, na anayemweleza mwalimu huitwa mbea. Hapo sisi wakubwa tuna lawama, maana mtoto akija kueleza twamfokea, "Acha kusemea wenzako!" Kusemea ili mwenzako achapwe ni jambo moja, kueleza ili mwenzako asiumizwe ni jingine kabisa. Nani amewafundisha tofauti hiyo?

Wala sisemi wapigane. Mtoto mwenye ualbino mara nyingi haoni mbali, hata ubao humshinda, na jua humwunguza ngozi. Basi kumtetea ni kumpisha dawati la mbele, kumsomea yaliyoandikwa, kuketi naye kivulini. Akiwa na mwenzake ubavuni, mchokozi hupungukiwa ujasiri.

Jioni mtoto akirudi tunamwuliza alama za hesabu. Mwulize pia: wakati wa mapumziko, leo ulikaa na nani?