Askari Baada ya Vita: Maisha ya Bayume Mohamed Husen



Vitabu vingi husimulia vita vilivyopiganwa katika nchi yetu kuanzia 1914 hadi 1918. Ni vichache vinavyoeleza jinsi askari alivyoishi baada ya bunduki kunyamaza. Katika kuitazama karne iliyopita, yafaa kumkumbuka mmoja wao, Mahjub bin Adam Mohamed, aliyejulikana baadaye kwa jina la Bayume Mohamed Husen.

Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904. Baba yake alikuwa askari wa jeshi la Wajerumani, jeshi lile lile lililozima Vita vya Maji Maji. Mwaka 1914 mtoto huyu wa miaka kumi aliingia jeshini pamoja na baba yake. Alijeruhiwa katika mapigano ya Mahiwa, Oktoba 1917, akatekwa na Waingereza. Alipokuwa huru tena alikuwa bado kijana, na mshahara wake wa vita ulikuwa haujalipwa.

Baada ya kuwa mhudumu katika meli za Wajerumani, alifika Berlin mwaka 1929. Huko alikwenda Wizara ya Mambo ya Nje kudai mshahara wake pamoja na ule wa baba yake. Alijibiwa kwamba amechelewa. Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Wizara ile iliona kalenda kuwa dawa iliyo nafuu zaidi.

Hata hivyo hakuondoka. Alipata kazi ya kuhudumia wageni mezani katika Haus Vaterland, jumba kubwa la starehe, na akafundisha Kiswahili katika Chuo Kikuu cha Berlin. Tarehe 27 Januari 1933 alifunga ndoa na Maria Schwandner, mwanamke wa Kijerumani. Siku tatu baadaye Hitler alishika madaraka. Mwaka 1934 Husen aliomba nishani waliyopewa askari waliopigana mstari wa mbele, akakataliwa.

Baba huyu wa familia alilazimika kutafuta riziki pale ilipopatikana. Aliigiza katika filamu zaidi ya 20, mara nyingi akiwa mtumishi au mpagazi. Mojawapo, iliyotolewa mwaka 1941, ilimtukuza Carl Peters, mtu ambaye serikali ya Ujerumani yenyewe ilimfukuza kazi mwaka 1897 kwa sababu ya watu aliowanyonga kule Kilimanjaro. Si haki kumhukumu Husen kwa wepesi. Wala si haki kuficha kwamba utumishi wake uliwafaa watu waliomdharau.

Mwaka ule ule wa 1941 alikamatwa, akituhumiwa kuwa na uhusiano na mwanamke wa Kijerumani kinyume cha siasa ya ubaguzi wa rangi. Bila kufikishwa mahakamani, alipelekwa katika kambi ya Sachsenhausen, akafia humo tarehe 24 Novemba 1944.

Wapendwa, Dar es Salaam ina sanamu ya Askari iliyosimikwa na Waingereza mwaka 1927. Huko Berlin, mbele ya nyumba aliyoishi Husen, paliwekwa mwaka 2007 jiwe dogo la kumbukumbu lenye jina lake. Kumbukumbu hizo ni njema, lakini sanamu hailipi mshahara, wala jiwe halimrudishi baba kwa wanawe. Heshima ya askari hupimwa angali hai: katika haki yake kulipwa kwa wakati, kazi kupatikana, na nyumba yake kuachwa kwa amani.

Katika familia zetu wamo wazee waliopigana Vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Wengi hawajaulizwa waliishi vipi baada ya kurudi. Vijana, waulizeni sasa, mkaandike majibu yao, ili historia ya karne ijayo isiwahesabu kwa bunduki walizobeba peke yake.