MATOKEO YA SHULE NA UKAGUZI: MZAZI AULIZE NINI?

Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wanachama wa matawi ya Busia na Malaba



Wengi wenu mmetuomba tuache kidogo habari za mishahara na foleni ya malori, tuzungumze habari ya watoto. Hatuoni kwamba kwa kufanya hivyo tumetoka nje ya kazi ya chama. Mshahara wa dereva, wa mpakizi, wa karani na wa mama auzaye samaki sokoni waishia wapi? Sehemu kubwa yaishia shuleni. Fedha iliyopatikana kwa jasho haifai kutolewa kwa kubahatisha.

Kila karatasi za matokeo zikifika, wazazi wetu wengi huzisoma kwa macho ya zamani. Sisi tulifanya KCPE, mtihani ulioanza mwaka 1985, na wazee wetu walifanya CPE kabla yake. Katika KCPE ya miaka ya mwisho jumla kamili ilikuwa alama 500, na swali lilikuwa moja tu kijijini kote: "Kapata ngapi?" Aliyepata nyingi alichinjiwa jogoo, na aliyepata chache alipelekwa kuchunga ng'ombe. Mtihani huo ulifanywa mara ya mwisho mwaka 2023. Swali lakini limebaki. Mzazi humwendea mwalimu na kumwuliza jumla ya alama, naye mwalimu hana jumla ya namna hiyo ya kumpa, na mzazi huondoka akidhani kwamba anafichwa.

Sisi wa mpakani tuna tatizo la pili ambalo watu wa Nakuru au Nyeri hawalijui. Watoto wetu wengine husoma ng'ambo, Uganda, na wa huko wengine husoma huku. Si ajabu, maana sisi ndio watu ambao kuvuka kwetu kulizaa hata hilo neno boda boda. Katika PLE ya Uganda, mtihani wa darasa la saba, masomo ni manne, na kila somo hupewa namba kutoka 1 hadi 9; 1 ndiyo bora, 9 ndiyo mbaya. Namba hizo hujumlishwa, na mwenye 4 ndiye wa juu kabisa, mwenye 36 ndiye wa mwisho. Daraja la kwanza ni kutoka 4 hadi 12. Basi mtoto akirudi nyumbani na 8, amefanya vizuri sana. Lakini tumeona mzazi wa upande huu akisikia 8 na kushika kichwa! Na mwingine alisikia 30 akafurahi.

Sasa tuje kwa karatasi ya huku Kenya. Mtoto wa darasa la sita hufanya upimaji uitwao KPSEA, unaoendeshwa na Baraza la Mitihani la Taifa, KNEC. Ulifanywa mara ya kwanza mwaka 2022. Upimaji wa siku zile chache haubebi mzigo peke yake. Ulipangwa uwe 40 kwa mia, na 60 kwa mia zitoke katika kazi ambazo mtoto amekuwa akipimwa shuleni tangu darasa la nne. Karatasi haisemi mtoto ni wa ngapi. Yasema katika kila somo amezidisha matarajio, au ameyafikia, au anayakaribia, au bado yuko mbali nayo.

Ndugu, shikeni neno hili: KPSEA haimzuii mtoto kwenda darasa la saba. Tangu mwaka 2023 darasa la saba la sekondari ya chini, kwa shule nyingi za serikali, liko katika uwanja uleule wa shule ya msingi. Basi mtu akikujia hapo stendi na kusema umpe fedha akutafutie "nafasi" kwa sababu mtoto ameandikiwa "anakaribia", mtu huyo anauza hewa. Mambo ya kuchagua shule ya sekondari ya juu huja baada ya darasa la tisa, na hapo KPSEA huhesabiwa sehemu ndogo, 20 kwa mia, pamoja na kazi ya darasa la saba na la nane, na upimaji wa darasa la tisa wenyewe.

Mwanachama mmoja, dereva wa lori, alitujia akiwa tayari kumhamisha bintiye kwenye shule ya kulipia. Sababu yake: Hisabati ameandikiwa anakaribia matarajio. Tulimwomba alete na karatasi za darasa la nne na la tano. Kumbe darasa la nne msichana huyo alikuwa mbali na matarajio, na la tano vilevile. Yaani mtoto alikuwa anapanda! Mwalimu aliyemwinua ni yuleyule ambaye baba alitaka kumkimbia, na karo ya muhula mmoja ingekuwa imekwenda. Karatasi moja haikuambii mtoto anakwenda wapi. Lete za miaka mitatu, uziweke mezani pamoja.

Tahadharini pia na ile wastani ya shule inayobandikwa ukutani au kutangazwa kwa kipaza sauti. Fikirini shule mbili. Moja ina watoto 20, nao walifanyiwa mtihani kabla ya kupokewa, asiyejua kusoma akarudishwa mlangoni. Ya pili ina watoto 120, imepokea kila aliyekuja, wa mpakizi na wa muuza mboga na yatima. Ya kwanza ikitangaza wastani kubwa, je, imefundisha vizuri au imechagua vizuri? Hatujui mpaka tuulize. Shule ya serikali hairuhusiwi kumkataa mtoto kwa mtihani wa kuingia, wala kumrudisha darasa ili wastani yake ipendeze. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 imekataza.

Sasa ukaguzi. Sote tuliosoma zamani twakumbuka siku ya inspekta: uwanja umefagiliwa, chaki mpya, na mwalimu mkali siku hiyo anacheka. Siku hizi wakaguzi ni maofisa wa Wizara ya Elimu wa kuhakikisha ubora na viwango, na sheria hiyo ya 2013 yawapa ruhusa kuingia shuleni hata bila kutoa habari kwanza. Hawaji kumpima mtoto wako. Wanapima shule: mwalimu ametayarisha somo? Daftari zimesahihishwa? Madarasa yanatosha? Vyoo ni vingapi? Kipimo kinachotumiwa ni choo kimoja kwa wasichana 25, na kimoja kwa wavulana 30. Hesabu hiyo hata mzazi asiyesoma aweza kuifanya akisimama uwanjani.

Msiwachanganye hao na maofisa wa Tume ya Kuwaajiri Walimu, TSC, ambao huja kumsaidia mwalimu katika ufundishaji wake. Wote huonekana na mkoba na pikipiki, lakini kazi si moja.

Wakaguzi wakiisha, huandika ripoti yenye mapendekezo. Hapo ndipo wazazi wetu wanapolala. Matokeo ya mtoto twayagombania, lakini ripoti ya shule hatuiulizi, na huenda imeandika kwamba darasa la nne halina mwalimu wa Hisabati tangu muhula wa kwanza! Tukimchapa mtoto kwa Hisabati ambayo hakufundishwa, tumefanya nini? Sisi kazini bosi akikuandikia barua ya onyo kwa kazi ambayo hakukupa vyombo vyake, chama husimama. Mtoto naye anastahili mtu wa kusimama.

Njia ya kuuliza ipo. Kila mzazi mwenye mtoto shuleni ni mwanachama wa Chama cha Wazazi cha shule ile. Si hisani ya mwalimu mkuu, ni sheria. Katika Halmashauri ya Usimamizi ya shule wamo wajumbe sita waliochaguliwa na wazazi. Wajueni kwa majina, waulizeni kwa heshima: ukaguzi wa mwisho ulifanywa lini, ulisema nini, na lipi limetekelezwa? Wakisema hawajui, iandikwe katika kumbukumbu za mkutano kwamba hawajui.

Ikishindikana, iko Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016. Raia aweza kuandika barua kwa Kiswahili au kwa Kiingereza kuomba habari zilizo katika ofisi ya umma, na shule ya serikali imo. Kuomba hakulipiwi, kutoa nakala ndiko kwaweza kulipiwa. Jibu latakiwa katika siku 21. Asiyejua kuandika aseme kwa mdomo, na ofisa anapaswa kumwandikia. Ziko habari ambazo sheria yenyewe imezizuia, kama mambo ya siri ya mtoto wa mwenzako, na hizo msiombe.

Tusiende huko kwa ugomvi. Mwalimu ni mfanya kazi kama sisi, naye ana chama chake. Mara nyingi ripoti inayolalamikia darasa la watoto 90 ni silaha yake kuliko yetu, akimpata mzazi wa kuibeba hadi ofisi ya elimu. Watu wa Malaba waende Teso Kaskazini, wa Burumba waende Matayos.

Najua mtauliza: dereva aliye njiani Kampala siku ya mkutano afanyeje? Amtume mkewe, au ndugu, au mwanachama mwenzake mwenye mtoto katika shule ileile, na maswali yake yameandikwa. Makatibu wa matawi yote mawili wamekubali kusaidia kuandika barua hizo Jumamosi baada ya saa nane. Njoni na karatasi za mtoto za miaka mitatu, si ya mwaka huu peke yake.