Nyuzinyuzi Zichaguliwe, Zisilundikwe: Lishe ya Mgonjwa wa IBS Anayefunga Choo

Mtu anayefunga choo huku tumbo likimuuma wiki nenda wiki rudi, awe Nakuru mjini, Njoro au Molo, hupewa ushauri wa namna mbili: ale mboga na pumba kwa wingi, au anywe dawa ya kuendesha asafishe tumbo. Makala hii inashikilia kwamba ushauri wote huo haumfai mgonjwa wa IBS, yaani ugonjwa wa utumbo mwepesi kusumbuka. Vigezo vya Roma vya mwaka 2016 huutambua kwa maumivu ya tumbo yanayorudi angalau siku moja kwa wiki kwa miezi mitatu, yakiandamana na mabadiliko ya choo. Maumivu ndiyo yanayoutenga na kufunga choo kwa kawaida. Kwa hiyo tiba ipimwe kwa mambo mawili: choo kilainike, na maumivu yapungue.

Wanaotetea wingi wa nyuzinyuzi wana hoja nzito. Mwaka 1972, Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyefanya kazi Uganda, alichapisha na wenzake vipimo vilivyoonyesha kuwa wanakijiji wa Uganda walitoa choo cha zaidi ya gramu 400 kwa siku, na chakula kilipita tumboni kwa takriban siku moja na nusu. Kwa wanamaji wa Uingereza choo kilikuwa gramu 100 hivi, na safari ilizidi siku tatu. Vipimo hivyo vinaeleza kwa nini unga uliokobolewa huleta choo kigumu, lakini havikuhusu utumbo unaouma. Utafiti wa Uholanzi wa mwaka 2009, uliohusisha wagonjwa 275 wa IBS, ndio uliogusa swali letu. Waliopewa isabgoli, yaani maganda ya mbegu za psyllium, walipata nafuu zaidi kuliko waliopewa unga wa mchele usio dawa. Katika kundi la pumba za ngano wengi waliacha mapema, hasa kwa sababu dalili zilizidi. Isabgoli huvuta maji ikawa ute unaolainisha choo, ilhali chembe ngumu za pumba huuchokoza utumbo.

Basi mgonjwa aanze na kijiko kidogo cha isabgoli kwa gilasi nzima ya maji, aongeze polepole kwa majuma kadhaa. Uji wa oti, papai bivu na karoti humfaa. Kabeji, vitunguu na maharagwe huchacha tumboni na kuleta gesi. Havipigwi marufuku, bali hupunguzwa, na maharagwe ya githeri hulowekwa usiku kucha kisha maji yake yakamwagwa. Abadilishe chakula kimoja kwa wakati mmoja ili ajue kinachomdhuru. Maji nayo yana neno: visima vingi vya Bonde la Ufa vina floraidi inayozidi miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha juu cha Shirika la Afya Duniani, na kuchemsha hakuiondoi. Anayeshauriwa kunywa zaidi aelekezwe kwenye maji ya mvua yaliyohifadhiwa vizuri au yaliyochujwa kwa mkaa wa mifupa.

Watapinga wengine kwamba sanamaki na mshubiri ni rahisi na hufanya kazi usiku huohuo. Ni kweli huendesha, lakini huuminya utumbo ambao tayari unauma, na zikizidi hupoteza maji na chumvi za mwili. Tena utumbo uliokwisha kukombwa hukaa siku kadhaa bila choo. Mgonjwa hudhani amefunga tena, akarudia dozi. Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba tiba ya nyumbani yaweza kuficha saratani. Jibu lake ni mpaka ulio wazi: kukiwa na damu kwenye choo, kukonda bila sababu, upungufu wa damu, au dalili kuanza baada ya umri wa miaka 50, mgonjwa apelekwe hospitali kwanza.

Wahamasishaji wa afya ya jamii na wauza dawa waache kusema tu "kula mboga". Waulize kwanza kama tumbo linauma, kisha wataje nyuzinyuzi gani, kiasi gani, na kwa maji ya wapi.