NONDO WAJAO TAANI
Hotuba ya karani mmoja kwa wazee, walimu na wakulima wa Bukoba na Muleba



Sisi watu wa Bukoba na Muleba hatuna haja ya kufundishwa kwamba mdudu wa usiku hufuata taa. Msimu wa senene ufikapo twawasha taa, twasimamisha mabati, nao senene huteleza wakaingia mapipani. Lakini taa haichagui mgeni. Pamoja na senene huja nondo, na mmoja wao ni adui: ndiye mzazi wa kiwavijeshi vamizi.

Asili yake ni Amerika. Mwaka 2016 alionekana Afrika ya Magharibi, na mwaka 2017 alikuwa amekwisha kuingia Tanzania. Mpaka haumzuii, maana kwa usiku mmoja aweza kuruka hata kilomita 100.

Mwaka jana nilitundika karabai karibu na mahindi yangu, nikatandaza shuka nyeupe nyuma yake. Akatua nondo mdogo wa rangi ya kijivu na kahawia, mwenye doa jeupe penye ncha ya bawa; hiyo ndiyo alama ya dume. Jike hana doa hilo dhahiri. Nikamwua, nikaenda kulala kwa furaha. Hapo ndipo nilipokosea. Majike walikuwa wamekwisha kutaga, na baada ya majuma machache mioyo ya mahindi ilikuwa imeliwa. Mwaka ule tulinunua unga ambao tungaliuvuna.

Basi taa ni mpiga mbiu, si askari. Mwonapo nondo huyo, ingieni shambani asubuhi, mkafunue majani. Mayai hukaa kwa mafungu, 100 hata 200 pamoja, yamefunikwa na manyoya kama ukungu. Yapondeni, maana huanguliwa baada ya siku chache tu. Kiwavi mtamjua kwa alama kama herufi Y iliyopinduliwa usoni, na madoa manne yaliyopangwa mraba karibu na mkia. Akiisha kujificha ndani ya moyo wa mhindi, kumpata ni shida. Rudieni kazi hiyo kila baada ya siku mbili tatu.

Walimu, watoto wana macho makali. Wafundisheni alama hizi. Wazee, mmoja akiponda na jirani yake akalala, kazi ni bure. Waamsheni watu, mkampelekee bwana shamba habari mapema.

Msimu ujao, tukiokota senene, tuwatazame na nondo. Nimekwisha.