Kodi na Nauli Zihesabiwe Pamoja

Nyumba ikiwa nafuu lakini nauli ikammaliza mpangaji, hajasaidika. Mwaka 2014, watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa vyuo vikuu vya MIT na Columbia vya Marekani walitoa ramani ya njia za matatu jijini Nairobi. Wanafunzi walipanda magari hayo na simu mkononi, wakinakili kituo baada ya kituo. Zilipatikana njia zaidi ya 130, nyingi zikiishia katikati ya jiji.

Ndiyo maana anayetoka mtaa wa Kayole kwenda kibarua Westlands mara nyingi hushuka mjini na kulipa nauli ya pili. Mvua ikinyesha, nauli hupanda papo hapo. Asiyenayo hutembea kando ya barabara isiyo na njia ya miguu.

Leo mfanyakazi nchini Kenya hukatwa asilimia 1.5 ya mshahara kwa nyumba za bei nafuu, na mwajiri huongeza kiasi hichohicho. Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya makazi yanayofikika. Kabla ya kuchimba msingi wa nyumba hizo, serikali ituonyeshe wapangaji watafikaje kazini, na kwa shilingi ngapi.