Nyumba Huuzwa na Nyaraka Zake

Mada iliyotolewa na Idara ya Ardhi katika mkutano wa wananchi

Anayekusudia kuuza nyumba kwa kawaida huanza na rangi. Hupiga chokaa, hufyeka majani uani, kisha humwita dalali. Hayo ni mema, lakini mnunuzi makini huwa na swali lake kabla hajatazama ukuta: nyumba hii ni ya nani, na nani mwenye haki ya kuiuza? Muuzaji asiye na jibu lililoandikwa amepaka rangi mapema mno.

Kosa la kwanza ni kutangaza mauzo ilhali hatimiliki ingali na jina la marehemu. Warithi hukubaliana wenyewe kwa wenyewe na kupokea malipo ya awali, ndipo wanapogundua kwamba makubaliano yao hayatoshi. Mwenye mamlaka ya kuhamisha umiliki ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Shauri hilo huchukua muda. Mnunuzi akichoka hudai fedha zake, nazo mara nyingi zimekwisha kutumika.

Kosa la pili ni kumficha mwenzi. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 humzuia mume au mke kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, hata kama jina lililosajiliwa ni la mmoja tu. Ridhaa hiyo iandikwe na kutiwa saini. Mauzo ya siri huweza kupingwa mahakamani, na hapo huumia familia iliyokaribia kukosa makao pamoja na mnunuzi aliyelipa kwa nia njema.

Kosa la tatu ni kusahau madeni. Tangu mwaka 2021 kodi ya majengo hukatwa mtu anaponunua umeme, na baadhi ya wamiliki hudhani kwamba wamemaliza kodi zote. Kodi ya pango la ardhi ni nyingine, nayo hulipwa kila mwaka. Malimbikizo yake hujitokeza wakati wa kuhamisha umiliki, mnunuzi akiwa tayari anasubiri. Vivyo hivyo, nyumba iliyowekwa rehani benki haina budi kukombolewa au benki ishirikishwe tangu mwanzo.

Kosa la nne ni kuficha ubovu. Rangi mpya juu ya ukuta wenye unyevu hubambuka masika yanapoingia. Ni heri kuziba paa linalovuja na kusafisha mifereji kuliko kutandika vigae vya gharama ambavyo mnunuzi huenda akavibomoa. Na bei isikadiriwe kwa uvumi wa mtaani. Mthamini aliyesajiliwa humwezesha muuzaji kuepuka kupunjwa, na pia kuepuka kutaja kiasi kinachowafukuza wanunuzi.

Kwa wakazi wa vijijini, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 huitaka Halmashauri ya Kijiji iidhinishe uhamisho wa hatimiliki ya kimila. Kumuuzia mgeni kwa kushuhudiwa na majirani pekee hakutoshi.

Kosa la mwisho ni kuamini maneno matupu. Mkataba wa kuuza ardhi sharti uwe wa maandishi, na ni busara uandaliwe na wakili. Hati halisi isikabidhiwe kwa dalali; aonyeshwe nakala. Stakabadhi za ununuzi wa kiwanja na za ujenzi zitunzwe pia, kwa kuwa mkazi wa Tanzania hutozwa asilimia 10 ya faida iliyotokana na mauzo, na faida hupimwa kwa kutoa gharama zinazothibitika. Mali bila daftari, walisema wahenga, huisha bila habari.

Ndugu wananchi, kabla ya kununua ndoo ya rangi, mwenye nyumba afike Ofisi ya Ardhi akiwa na hati yake, ahakiki jina, mipaka na madeni. Nyumba kwa wengi ndiyo akiba ya maisha yote. Haifai ipotee kwa karatasi moja iliyosahauliwa.