Huzuni na Usahaulifu wa Wazee Wetu



Ama baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, nataka kukiri kosa langu mbele yenu. Palikuwa na mzee mtaani kwetu, mwadhini wa miaka mingi. Alipatwa na kiharusi kidogo. Mkono ukalegea, kisha ukapona. Miezi ikapita, akaanza kusahau na kuwa mzito wa kufikiri. Akaacha kula vizuri, akaacha kuja msikitini, akawa hulia bila sababu. Nami nilimwendea nikamuwaidhi juu ya subira, kana kwamba imani yake ndiyo iliyopungua. Alinitazama tu, asinijibu. Baadaye tabibu alitufahamisha kuwa mzee ana maradhi mawili yaliyofungamana.

Ubongo huishi kwa damu. Mishipa yake ikizibika au ikipasuka, mara nyingi kwa ajili ya presha, kisukari au tumbaku, sehemu zake hufa. Hapo akili hupungua, pengine daraja kwa daraja: hutulia kwa muda, kisha hushuka tena. Na zikidhurika sehemu ziongozazo furaha na hamu ya mtu, huweza kuja sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka. Katika watu waliopatwa na kiharusi, kama mmoja katika kila watatu hupata sonona. Mwaka 1997, tabibu George Alexopoulos na wenzake huko Marekani walitoa rai kuwa madhara ya mishipa ya ubongo huweza kuleta sonona ya uzeeni.

Basi yatupasa nini? Sehemu ya ubongo iliyokufa hairejei, lakini sonona ina tiba, na presha huzuilika. Tena sonona yenyewe humsahaulisha mtu. Ikitibiwa, huenda akili ikachangamka. Kwa hiyo tusiseme mzee amerogwa, wala tusiseme ni uzee tu. Tumpeleke hospitali, apimwe presha na sukari, aulizwe usingizi wake na huzuni yake. Nyumbani tusimwache peke yake, wala tusimkaripie kwa kuuliza jambo lile lile mara kumi. Sisi nasi tulimuuliza hivyo utotoni, akatujibu.

Mzee yule alipewa dawa, akarudi kuketi barazani. Kumbukumbu haikurudi yote, lakini kilio kilikoma. Nilikwenda nikamwomba radhi, akanishika mkono.

Wabillahi tawfiq.